Maswali na Majibu ya Wafugaji: Maji Yapimwe Pale Kuku Anapoyanywea

Barua nyingi za safari hii zinauliza kuhusu maji, nasi tumefurahi, kwa sababu maji ndicho kitu ambacho kuku anakitumia kwa wingi kuliko kingine chochote bandani. Katika hali ya hewa ya wastani, kuku anayekula kilo 1 ya chakula hunywa karibu lita 2 za maji, na joto likipanda hunywa zaidi. Chakula tunakipima na kukilinda na unyevu. Maji mara nyingi tunayaangalia tangini tu, kisha tunaamini kwamba yanafika kwa kuku yakiwa vilevile.

Tangi ni safi, lakini kuku wanaharisha

*Nafuga kuku wa nyama 4,000 kwa laini nne za chuchu (mabomba yenye vidude ambavyo kuku hugonga kwa mdomo ili anywe), kila moja mita 60. Tangi nalisafisha na kulitia klorini. Maji ya tangini niliyapeleka maabara, majibu yakaja safi. Hata hivyo kila kundi likifika siku ya 10 hivi naona mavi mepesi na maranda yaliyolowa, hasa upande wa mwisho wa banda. Mganga wa mifugo anasema ni E. coli. Inatoka wapi?*

Ndugu mfugaji, inatoka ndani ya mabomba yako. Fungua mwisho wa laini moja, ingiza kidole, papasa ukuta wa bomba. Ukikuta utelezi, huo ni utando wa vijidudu. Bakteria hujishikiza kwenye ukuta wa bomba, hutoa ute na kuishi chini yake. Klorini kidogo ya kila siku inaua wale wanaoelea kwenye maji na kugusa uso wa ute huo, lakini haifiki chini. Kila mara kipande cha utando kinapobanduka, kuku walio mwisho wa laini wanakinywa.

Kwa nini tatizo lijitokeze mapema hivyo? Fanya hesabu. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 hubeba mililita 314 za maji kwa kila mita, hivyo mita zako 240 zina lita 75. Kifaranga wa siku 3 hunywa takriban mililita 15 hadi 20 kwa siku, na 4,000 watakunywa lita 60 hadi 80. Maana yake ni kwamba maji yanakaa ndani ya laini siku nzima kabla ya kubadilika, tena katika banda lenye joto la nyuzi 32 au 33. Ongeza glukosi au vitamini za wiki ya kwanza, na bakteria wamepata joto, muda na chakula.

Kazi ya kusafisha inafanywa banda likiwa tupu, mara tu kuku wanapotoka. Kwanza piga maji kwa kasi ndani ya kila laini, moja baada ya nyingine, mwisho ukiwa wazi. Ongeza presha ya regyuleta (kidhibiti presha cha laini) hadi ile ya kusafishia, karibu bar 1.5 kama mfumo wako unairuhusu. Ruhusu dakika 1 kwa kila mita 30, kisha endelea mpaka maji yatoke meupe. Usifungue laini zote kwa pamoja, kwani presha itagawanyika na uchafu utabaki ulipo.

Kisha tumia peroksaidi ya haidrojeni yenye kiimarishi, ya asilimia 35 hadi 50, ile inayouzwa kwa ajili ya mifumo ya maji ya mifugo. Kipimo ni mililita 30 kwa kila lita ya maji. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaimimina kwenye pampu ya dozi, ile inayotia dawa kidogo kidogo kwenye maji yanayopita. Pampu iliyowekwa asilimia 1 haiwezi kukupa asilimia 3 hata ungefanya nini: hata ukiipitishia dawa kali isiyochanganywa utapata asilimia 1 tu, na jambo hilo linaharibu mipira ya pampu. Changanya kwenye pipa la plastiki na usukume kwa pampu ndogo ya kuzamishwa. Kwa laini zako lita 75, pamoja na bomba linaloleta maji bandani, tengeneza lita 100, yaani peroksaidi lita 3. Vaa glavu na miwani ya kinga, kwa kuwa dawa hiyo inaunguza ngozi na macho.

Jaza laini mpaka povu au harufu itoke mwisho, ufunge, halafu pita na ufagio ukigusa kila chuchu ili dawa iingie na humo. Acha saa 24 hadi 72. Peroksaidi inapokula utando hutoa gesi, kwa hiyo hakikisha bomba la kupumulia la kila laini halijaziba, vinginevyo presha itafungua maungio. Mwishowe piga maji kwa kasi tena. Safari hii utaona vipande vya ute na wakati mwingine maji ya kahawia, na chuchu kadhaa zitaziba, hivyo zikague moja moja. Baada ya hapo, jaza laini kwa maji yenye klorini ya miligramu 3 au 4 kwa lita, na uyabadilishe yote siku vifaranga wanapoingia.

Laini ikiwa na ukoko mweupe wa chokaa, ondoa utando kwanza, suuza, halafu ndipo upitishe asidi ya sitriki ya kuteremsha pH (kipimo cha asidi majini: ikishuka, asidi imezidi) hadi kati ya 4 na 5 kwa saa 24. Asidi huyeyusha ukoko. Haiui utando.

Vifaranga wakishaingia, badilisha maji ya laini angalau mara mbili kwa siku katika wiki ya kwanza. Kazi hii ikiachwa, yote uliyofanya banda likiwa tupu yanapotea ndani ya siku chache.

Klorini kiasi gani?

*Nina klorini ya maji ya asilimia 3.5, ile ya kung'arishia nguo. Mmoja ananiambia kifuniko kimoja kwa pipa, mwingine viwili. Kipimo sahihi ni kipi? Nina pampu ya dozi pia.*

Kifuniko si kipimo. Lengo ni klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, ya miligramu 2 hadi 4 kwa lita, ikipimwa kwenye chuchu ya mwisho, na tuseme unalenga 3. Lita 1,000 za maji zinahitaji gramu 3 za klorini. Dawa yako ya asilimia 3.5 ina gramu 35 kwa lita, kwa hiyo unahitaji mililita 86. Ukinunua ya asilimia 5, mililita 60. Ya chenga ya asilimia 65, gramu 4.6, na hiyo uiyeyushe kwanza ndooni, uache mashapo yatulie, utumie maji ya juu. Hakikisha ya maji haina manukato wala sabuni ndani yake.

Ukitumia pampu ya dozi ya asilimia 1, mililita 86 zinaingia kwenye lita 10 za mchanganyiko, nazo zitahudumia lita 1,000. Pampu ya 1 kwa 128 itatumia lita 10 hizo kwa lita 1,280, hivyo weka mililita 110. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku na uufunike. Klorini hupungua kwa joto na mwanga, na dumu lililokaa miezi dukani mbele ya dirisha huenda lisiwe tena na nguvu iliyoandikwa.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Maji yenye tope, chuma au mabaki ya majani hula klorini kabla haijaua kitu. Kwa hiyo subiri dakika 30, kisha pima mwishoni mwa laini kwa vidonge au matone ya DPD, yanayogeuka waridi na kuonyesha klorini huru. Matone ya manjano, yale ya OTO, yanaonyesha klorini yote kwa jumla, pamoja na ile iliyokwisha kutumika, na yatakudanganya. Ukipata chini ya 2, ongeza robo ya kipimo, upime tena kesho yake. Kama tangini ni 4 na mwisho wa laini ni 0.5, usiongeze kabisa: laini ni chafu, rudi kwenye jibu la barua ya kwanza. Ukizidi 5, kuku wataanza kupunguza kunywa, na vifaranga ndio watakaoathirika kwanza.

Jambo la pili ni pH, ambalo wengi hawalipimi. Klorini ikiwa majini hugawanyika katika sura mbili, moja inaua vizuri na nyingine inaua polepole mno. Kwenye pH 7 karibu robo tatu iko katika sura kali. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 8.5 ni sehemu 1 tu kwa 10, hivyo kipimo chako cha waridi kitaonyesha 3 huku kazi inayofanyika ni ndogo sana. Maji ya kisima chenye chokaa mara nyingi yapo hapo. Yateremshe hadi kati ya 6 na 7 kwa asidi iliyotengenezwa kwa maji ya kuku, kwa pampu yake yenyewe.

Asidi na klorini kwenye ndoo moja

*Naweza kuchanganya siki na klorini kwenye ndoo ya pampu ili niokoe muda?*

Hapana, usifanye kamwe. Zikikutana zikiwa kali hutoa gesi ya klorini, ambayo inachoma mapafu na imeua watu katika vyumba vidogo vya pampu. Tumia ndoo mbili na pampu mbili, zenye umbali kwenye bomba ili kila moja iwe imeshachanganyika na maji mengi. Peroksaidi na klorini nazo haziendi pamoja, kwani zinamalizana nguvu na unabaki huna hata moja.

Chanjo kwenye maji yenye dawa

*Nilichanja Gumboro kwa maji, na bado ugonjwa uliingia. Maji yangu yana klorini siku zote. Je, ndiyo sababu?*

Inawezekana sana. Gumboro ni ugonjwa wa virusi, chanjo yake hai ni virusi hai, na klorini haibagui. Simamisha klorini, peroksaidi na asidi saa 48 kabla ya chanjo, na uzirudishe saa 24 baadaye. Usiishie kufunga pampu ya dozi, maana maji ya zamani bado yamo. Toa maji yote ya tangi na laini, na upime kwa DPD siku ya chanjo. Rangi yoyote ya waridi ina maana bado.

Hata ikionyesha sifuri, tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, dakika 20 kabla ya chanjo. Hayo yanamaliza masalia ya klorini na kukinga virusi. Maziwa yenye mafuta yanaziba chuchu. Tumia vyombo vya plastiki, na fungua kichupa cha chanjo kikiwa kimezama majini.

Kiasi cha maji chukua kwenye mita: asilimia 30 ya yale waliyokunywa jana. Wanyime maji saa 1 hadi 2, alfajiri kabla jua halijawaka, na kwenye joto isizidi saa 1. Kosa la kawaida kwenye laini za chuchu ni kuteremsha laini zikiwa bado zimejaa maji matupu. Kuku wa mwisho wa banda hukata kiu kwa hayo na chanjo ikiwafikia hawanywi tena. Inua laini, fungua mwisho, acha yatiririke mpaka uone weupe wa maziwa, funga, ndipo uteremshe. Chanjo yote iwe imekwisha ndani ya saa 2. Pita polepole bandani muda huo ili waliolala waamke wanywe.

Maziwa hayohayo ni chakula cha utando. Ukimaliza, suuza laini jioni ileile. Ndivyo ilivyo pia kwa vitamini, glukosi na antibiotiki zilizochanganywa na sukari: kila dozi ikiisha, laini isafishwe kwa maji ya kasi kabla ya kulala.

Vinywesheo vya kengele na ukijani

*Nina kuku wa mayai 600, natumia vinywesheo vya kengele na pipa jeupe la plastiki. Kila wiki ukijani unarudi. Nioshe mara ngapi?*

Kinywesheo kilicho wazi kinaoshwa kila siku. Kuku anaingiza mdomo wenye chakula na wenzake wanakanyaga karibu, na baada ya saa chache maji yale si yale uliyoyaweka asubuhi. Mwaga maji machafu nje ya banda, si kwenye maranda. Sugua kwa brashi, kisha zamisha au futa kwa maji ya klorini ya kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya asilimia 3.5 katika lita 10, acha dakika 10, suuza. Ukitia dawa kabla ya kusugua, unaipoteza kwa uchafu.

Ukijani unahitaji mwanga. Paka pipa rangi nyeusi, ikikauka paka nyeupe juu yake ili lisichemke juani, na ufunike. Ukingo wa kinywesheo uwe sawa na mgongo wa kuku, ili asiingize maranda wala mavi. Hilo lina uzito zaidi ya wengi wanavyodhani: mayai ya vimelea vya kuhara damu hayafi kwa klorini ya kipimo cha kunywa, na kinga yake ni kuzuia mavi yasiingie majini na maranda yasilowe. Kwa kuku 600 vinywesheo 5 au 6 vya sentimita 40 vinatosha.

Maji mekundu na chuchu zinazovuja

*Maji ya kisima changu yanatoka meupe, lakini ndoo ikilala usiku inakuwa na kutu chini. Chuchu zinavuja, nimebadilisha nyingi. Nifanye nini?*

Hicho ni chuma kilichoyeyuka. Kikiwa ardhini hakionekani, kikikutana na hewa hugeuka kutu. Kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kukusumbua kwa njia tatu: kinakula klorini, kinalisha bakteria, na chembe zake zinakaa kwenye kizibo cha chuchu hivyo isifunge vizuri. Tone moja moja usiku kucha linatosha kulowesha maranda chini ya laini, amonia inapanda, na nyayo za kuku zinaungua. Kubadilisha chuchu bila kutibu maji hakutaisha.

Toa chuma kabla ya banda. Nyunyizia maji ya kisima kupitia bomba lenye vitundu ili yaangukie tangi la kwanza yakipigwa na hewa, yaache yatulie usiku, chota ya juu na uyapitishe kwenye kichujio cha mchanga. Bomba la kutolea liwe sentimita 10 hadi 15 juu ya kitako cha tangi, na pale kitakoni pawe na koki ya kutolea mashapo. Klorini itiwe kwenye tangi la pili. Kabla ya regyuleta za laini weka kichujio cha maikroni 20 hadi 50, na geji ya presha kila upande wake. Tofauti ikifika nusu bar, badilisha au osha. Ukingoja mpaka kuku wakose maji, umechelewa.

Chuchu zilizokwama zichomoe, zilaze kwenye asidi ya sitriki usiku mmoja, kagua kizibo cha mpira au kipini kama kimechimbika. Kisha pima mtiririko: weka chupa chini ya chuchu, ibonyeze dakika 1. Kwa kuku wa nyama kipimo kinachofaa ni umri wa wiki mara 7, ongeza 20. Wiki ya 3 ni mililita 41. Ukiona chuchu ya kwanza inatoa 45 na ya mwisho 25, kuna kizuizi katikati.

Sampuli ya maabara

*Nichukue maji wapi, na majibu niyasomeje?*

Chukua mbili: moja chanzoni, moja mwisho wa laini ndefu zaidi. Ukipeleka moja tu hutajua uchafu umeingilia wapi. Chupa itoke maabara, iwe tasa na yenye sodiamu thayosalfeti ndani, vinginevyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatakuwa mazuri kuliko ukweli. Kwenye bomba la chanzo futa mdomo kwa spiriti na uache maji dakika 2. Mwisho wa laini usiyaache yatiririke muda mrefu, kwa kuwa unataka maji yale anayoyanywa kuku. Weka kwenye barafu na yafike ndani ya saa 24.

Kolifomu, bakteria wanaoashiria kwamba huenda mavi yameingia majini, kwenye mililita 100 iwe sifuri. Bakteria wote kwa jumla wawe chini ya 1,000 kwa mililita, na wakipita 10,000 laini isafishwe, hata kama kuku wanaonekana wazima. Nitrati ikiwa juu chanzoni, fikiria choo, shimo la mavi au shamba lenye mbolea lililo karibu. Klorini haiondoi nitrati, na kisima hicho kinahitaji kukaguliwa kilivyojengwa.

Wamepunguza kunywa

*Kuku wa wiki 5, tangu juzi mita inaonyesha wanakunywa pungufu kwa karibu sehemu moja kwa kumi. Hakuna aliyekufa. Niwe na wasiwasi?*

Ndiyo, na umefanya vyema kuisoma mita kila siku, kwani unywaji hushuka kabla vifo havijaanza. Anza na yaliyo rahisi. Gusa maji ya chuchu ya mwisho. Kama ni ya moto kuliko mkono wako, badilisha maji ya laini adhuhuri na alasiri, na fukia bomba linalotoka tangini. Angalia kichujio na presha. Pima klorini, huenda pampu imezidisha. Angalia urefu wa laini: kuku wa umri huo anyooshe shingo kwenda juu, nyayo zikiwa zimekanyaga zote. Kama yote yako sawa na chakula nacho kimepungua, mwite mganga wa mifugo leo.